Kubandika mawe kwenye nyumba ya zamani ambayo ukuta wake unaliwa na magadi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nyumba yetu ipo Makole, Dodoma. Marehemu baba aliijenga mwaka 1984 kwa matofali ya kuchoma, juu ya msingi wa mawe. Kuanzia chini hadi usawa wa goti, na mahali pengine hadi kiunoni, plasta inavimba, inatoa unga mweupe kisha inabanduka. Tumeshapiga plasta mpya mara tatu, na kila baada ya mvua hali inajirudia. Fundi anatushauri tubandike mawe ya urembo kuzunguka nyumba nzima, mita moja kutoka chini, kwa sababu magadi hayali jiwe. Tripu moja ya kenta tumeshanunua. Kaka yangu naye anataka kufanya hivyo hivyo kwenye nyumba ya babu iliyoko Tanga, karibu na bahari, ambayo ukuta wake una majimaji mwaka mzima. Je, tuendelee?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wako. Kwa nyumba ya Makole jibu langu ni kwamba msibandike mwaka huu. Fundi wenu kasema kweli kuhusu jiwe: halitaliwa. Litakaloliwa ni tofali lililo nyuma yake, na mtakuwa mmeliziba msilione. Kwa Tanga, kama nyumba ya babu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, msibandike kabisa. Kama ni ya bloku za saruji kuna namna, nitaifikia.

Tuanze na huo unga mweupe mnaouita magadi, maana ndio wenye habari yote. Ardhi ya Dodoma ina chumvi nyingi, na wengi waliochimba visima mjini wanaijua ladha ya maji yake. Mvua yetu ni chache, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji hayo huloweka ardhi iliyo chini ya msingi na kuyeyusha chumvi iliyomo, kisha tofali linayavuta kwenda juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Yakifika usawa wa goti au kiuno, jua na upepo huyakausha. Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki. Inapobaki inatengeneza fuwele ndani ya vitundu vya tofali, fuwele zinakua na kusukuma, na uso wa tofali unavunjika kuwa unga. Kiangazi chetu kirefu ndicho kinachoifanya kazi hii iwe kali. Maji yanapokauka haraka, mengine yanavutwa kutoka chini kuziba nafasi, na kila yanapopanda yanaongeza chumvi. Ndiyo sababu mji mkavu kama Dodoma una kuta zilizolika namna hii.

Plasta zenu tatu zilishindwa kwa sababu hiyo hiyo. Plasta ya saruji iliyokolea ni nzito na imefunga. Maji yakishindwa kutokea mbele yanapanda zaidi, yanatafuta pa kutokea juu ya plasta au upande wa ndani, chumbani. Mnaona ukuta mzuri msimu mmoja, wa pili unga unatokea sentimita 30 juu ya ule wa zamani, na plasta ya chini inaachia kwa sababu nyuma yake tofali limekuwa vumbi. Jiwe lililobandikwa kwa mota ya saruji linafunga zaidi ya plasta. Litaufukuza unyevu kupanda mpaka juu ya mstari wa mawe, na hapo mtaanza kuona madoa chini ya madirisha, mahali ambapo leo ni pazima.

Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ya jirani na kwenu, ukuta wa magharibi, mawe mazuri ya rangi ya kahawia. Mwenye nyumba alidhani fundi alimwibia saruji kwa sababu mawe yalikuwa yakidondoka yenyewe. Niliokota moja lililoanguka nikaligeuza. Mota ilikuwa imeshika jiwe barabara, kucha haikuweza kuikwaruza. Nyuma ya mota kulikuwa na tabaka jekundu la tofali, unene wa kama sarafu mbili, limeshikamana nayo vizuri kabisa, na juu ya wekundu huo chumvi imetanda nyeupe kama unga wa muhogo uliomwagika. Saruji haikuibiwa. Ukuta uliachia ngozi yake ukaondoka pamoja na jiwe. Kwenye shimo lililobaki niliingiza kidole hadi kifundo cha kwanza bila nguvu, tofali likimiminika chini.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mawe, tafuteni maji yanatoka wapi. Msifikirie ardhi peke yake. Zungukeni nyumba mkitazama chini. Je, udongo wa nje umepanda hadi karibu na usawa wa sakafu ya ndani? Nyumba za miaka ya themanini hapa mjini nyingi zimefukiwa taratibu: barabara imeinuliwa, kifusi kimesambazwa uani, vumbi la upepo limejaa. Kama mzee aliweka karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, ile ambayo mafundi huiita DPC, na udongo sasa umeipita, karatasi hiyo haina kazi tena, maana maji yanaingia juu yake. Je, kuna bustani iliyobanwa na ukuta, inayomwagiliwa jioni na maji ya kisima? Hiyo ni kuulisha ukuta chumvi kwa ndoo. Je, simtanki inafurika upande mmoja? Bomba la bafu limepasuka ndani ya ukuta? Maji ya bati yanadondoka wapi? Nyumba yenye upenu mfupi isiyo na gata hupigwa na matone yanayorukia ukutani hadi usawa wa goti, na watu wengi huita hilo magadi wakati nusu ya tatizo ni paa.

Kipo kipimo cha kufanya wenyewe. Chukueni nailoni safi inayopitisha mwanga, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, mkiondoa kwanza plasta iliyolegea. Kibandikeni ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo. Bandikeni kimoja usawa wa goti na kingine usawa wa kifua, mviache siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakionekana nje ya nailoni, ni unyevu wa hewa. Kipimo cha chini kikilowa na cha juu kikabaki kikavu, maji yanapanda kutoka ardhini. Vikilowa vyote viwili, tafuteni bomba au paa kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Kisha chukueni msumari wa nchi nne mkwaruze tofali lenyewe, si plasta. Tofali lililoiva vizuri litatoa mstari mwembamba na mlio. Tofali laini litachimbika. Matofali ya kuchoma yaliyopikwa kwenye tanuri la kienyeji hayaivi sawa: yaliyokuwa katikati ya tanuri yanakuwa magumu, ya pembeni yanabaki na rangi hafifu na udongo mwingi. Katika ukuta mmoja mtayakuta yote mawili. Andikeni kwa chaki mahali palipo laini, mtahitaji ramani hiyo baadaye.

Angalieni na nyufa. Sehemu za Dodoma zina udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyokaa juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Ufa unaokwenda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, ni ufa wa msingi. Pakeni kipande cha plasta chembamba juu yake, mkiandika tarehe. Kikipasuka baada ya mvua, nyumba inacheza, na mawe yatapasuka papo hapo. Jiwe halina uvumilivu wa kujikunja.

Sasa tiba. Ya kwanza ni beleshi. Ondoeni udongo kuzunguka nyumba mpaka ubaki chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Toeni maua ukutani. Wekeni gata, na maji yake yapelekwe mita kadhaa mbali au kwenye tangi, maana maji ya mvua hayana chumvi na mtayahitaji kwa kazi ya ujenzi. Kisha tengenezeni sakafu ya nje kuzunguka nyumba, upana wa kama mita moja, yenye mteremko wa kutoka ukutani: sentimita mbili hadi tatu kwa kila mita zinatosha. Hapa ndipo mawe ya kenta mliyonunua yatapata kazi nzuri mwaka huu. Yapangeni juu ya mchanga na kokoto kama sakafu hiyo ya nje, mkiacha nafasi ndogo ya kokoto tupu inayogusana na ukuta ili ukuta upumue hapo chini. Zege lililofungwa hadi ukutani hufukuza unyevu wa ardhi uingie msingini, na watu hulimwaga wakidhani wanaukinga ukuta.

Nyumba nyingi zinapona nusu kwa hatua hiyo peke yake. Kama msingi hauna kabisa karatasi ya kuzuia unyevu, ipo njia ya kuiingiza. Fundi anatoa mstari wa matofali juu ya msingi kwa vipande visivyozidi mita moja, kwa kupishana, anaingiza karatasi, anajaza kwa matofali magumu na mota, anaacha ishike siku kadhaa, ndipo anarudi kutoa vipande vilivyobaki katikati. Ni kazi ya polepole na haifai kupewa kijana anayejifunza, kwa sababu anayekimbilia kutoa mita tatu kwa mara moja anaweza kuuangusha ukuta. Zipo pia dawa za kudunga, krimu inayoingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika mstari wa mota. Zinafanya kazi kwenye ukuta wa mota ya saruji au chokaa iliyojaa vizuri. Kama mzee alijengea kwa udongo, na wengi walifanya hivyo wakati ule saruji ilipokuwa adimu, dawa hiyo sikushauri.

Hatua inayofuata ni kuuacha ukuta wazi, na najua ndiyo ngumu kwa mwenye nyumba kwa sababu inaonekana kama kazi imesimama. Mvua zikiisha, mwezi wa tano, banduweni plasta yote iliyoharibika hadi nusu mita juu ya mstari wa magadi. Chokoeni mota iliyolegea kwenye maungio kwa kina cha sentimita mbili. Kisha acheni ukuta ukauke kiangazi chote. Unga mweupe utatoka kwa wingi, msishtuke, hiyo ni chumvi inayoondoka. Upigeni brashi kavu kila wiki, mkitandika turubai chini, na hicho kinachodondoka mkibebe mkakimwage mbali. Msiuoshe kwa maji. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, na wiki inayofuata itatoka tena kama hamjafanya kitu. Msipake siki wala tindikali ya kusafishia vyoo, tindikali inakula mota na kuacha chumvi nyingine mpya.

Kuelekea mwezi wa kumi unga utakuwa umepungua. Hapo pigeni plasta ya chokaa, saruji kidogo sana au bila saruji: kipimo kimoja cha saruji, viwili vya chokaa na tisa vya mchanga kinafaa kwa matofali laini. Plasta hii inapitisha mvuke. Chumvi iliyobaki itatokea kwenye plasta badala ya kutokea kwenye tofali, na plasta inaweza kukwanguliwa na kupigwa upya baada ya misimu michache bila tofali kuumia. Fundi atakwambia ni dhaifu. Ni kweli, na ndiyo kazi yake. Tabaka la nje siku zote liwe laini kuliko ukuta unaolibeba. Vaeni miwani na glavu, chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Na rangi iwe chokaa au rangi ya maji inayopitisha mvuke. Rangi ya mafuta inaufunga ukuta kama nailoni.

Angalizo kuhusu mchanga na maji, kwa kuwa kazi nyingi nzuri Dodoma huharibiwa hapo. Mchanga wa korongo una udongo mwingi. Jazeni chupa ya plastiki mchanga hadi theluthi, ongezeni maji na chumvi kidogo ya kupikia, tikiseni, muiache saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo utatanda juu yake. Tabaka la udongo likizidi kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga, uosheni au mtafute mwingine, na chupa hiyo mwageni, msiichanganye kwenye kazi. Maji ya kuchanganyia yawe ya kunywa au ya mvua. Kutumia maji ya kisima chenye chumvi ni kununua ugonjwa mle mle mnamotibu.

Ukuta ukipita msimu mmoja wa mvua bila unga kutoka, na nyufa zikabaki tuli, ndipo tuzungumze mawe. Sipingi mawe. Nyumba ya mawe ya Dodoma, yale yanayovunjwa kwenye vilima vyetu vya matale, yaani graniti, ina heshima yake, na jiwe la hapa halinyonyi maji sana likilinganishwa na mawe ya mchanga ya Mazeras yanayotoka pwani ya Kenya. Lakini pigeni kwanza hesabu ya uzito. Jiwe la matale la unene wa sentimita 2 lina kama kilo 53 kwa mita ya mraba. Mota ya sentimita 2 nyuma yake inaongeza kama kilo 40. Ukuta wa mbele wa mita 12, ukipandishwa mita moja tu, unabebeshwa zaidi ya tani moja, na uzito huo wote unaning'inia kwenye ngozi ya tofali. Jiwe la sentimita 4, ambalo ndilo wengi wanauziwa kwa sababu kulichonga jembamba ni kazi, linapita kilo 100 kwa mita ya mraba kabla ya mota. Wenzetu wa Marekani wameweka ukomo wa kilo 73 hivi kwa mita ya mraba kwa mawe yanayobandikwa kwa mota peke yake. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kuufuata ukomo huo: tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapita jirani, na matetemeko si jambo geni Dodoma. Jiwe la kilo tano lililo juu ya mlango wa kuingilia watoto sitalibandika, na fundi wenu asilibandike.

Njia ya kwanza ni kubandika moja kwa moja, na inafaa pale tu msumari ulipotoa mstari mwembamba. Tofali linasafishwa, linaloweshwa kidogo siku moja kabla, kisha linapigwa tabaka la kukwaruzwa lenye unene wa sentimita moja na kidogo: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Likiwa bado bichi linachorwa mistari ya kulala, ili lishike. Kama matofali hayalingani ugumu, fungeni kwanza wavu wa chuma uliochovywa zinki, ukiwekwa mbali kidogo na ukuta ili mota iuzunguke pande zote, na vishikizo vyake viingie katika matofali magumu, vikiwa na umbali wa kama sentimita 40. Wavu wa kuku mwembamba unaopigwa misumari ya kawaida hauna msaada. Mawe yaoshwe vumbi kwa brashi, kwa sababu jiwe lenye vumbi linashika vumbi lake badala ya kushika mota. Kila jiwe lipakwe mota mgongoni kote na kusukumwa mpaka mota itoke pembeni. Mafundi wengi hupachika madonge matano na kuacha uwazi katikati. Maji yatakaa humo.

Kabla ya kuendelea na ukuta mzima, bandikeni mawe manne mahali penu pabaya zaidi, myaache siku 28, kisha fundi ajaribu kuyabandua kwa tindo. Mota ikivunjika, au jiwe likigoma kabisa, endeleeni. Yakibanduka na ngozi ya tofali, jibu mmelipata kwa gharama ya mawe manne.

Chini, mawe yasiguse udongo kamwe. Acheni sentimita 10 juu ya ardhi, au 5 kama chini kuna sakafu. Ni kwa ajili ya maji, na Dodoma ni kwa ajili ya mchwa vilevile. Mchwa hujenga njia zao za udongo juu ya msingi, na ukiziona unazibomoa. Mawe yakishuka hadi ardhini, watapanda nyuma yake gizani, na mtajua siku kenchi zinapoanza kulegea. Juu, pale mawe yanapoishia mita moja, kuna ukingo unaopokea mvua yote inayoteremka ukutani. Uwekewe kofia ya jiwe au saruji yenye mteremko wa nje, iliyotokeza sentimita 3 au 4, na chini ya kofia pachorwe mfereji mdogo ili tone lidondoke lisirudi nyuma. Nimeona kazi nyingi za mawe, na hicho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Kazi ifanyike mwezi wa sita au wa saba, jua linapokuwa la upole. Hata hivyo upepo wa miezi hiyo unakausha mota kabla haijashika, kwa hiyo tundikeni magunia mabichi au turubai na kuyanyunyizia kwa siku tatu hadi saba. Ukuta wa magharibi ufanywe asubuhi. Kila mita tano au sita, na kila ulipo ufa wa zamani uliotulia, acheni upenyo wa sentimita moja ujazwe silikoni laini, ili joto la mchana na baridi ya usiku visisukumane. Na mwishoni fundi atataka kupaka vanishi mawe yang'ae. Mkatalieni. Vanishi inaziba kila tundu mlilohangaika mwaka mzima kuliacha wazi, na baada ya muda inageuka njano na kubabuka.

Njia ya pili ni kwa kuta zenye matofali laini, na kwa maelezo yenu nadhani ndiyo mtakayoishia. Mawe hayabandikwi. Yanajengwa kama ukuta mfupi unaosimama wenyewe, unene wa sentimita 10 hadi 15, juu ya msingi wake mdogo wa zege, ukiacha nafasi ya sentimita 3 au 4 kati yake na nyumba. Chini na juu yanaachwa matundu, kama moja kila sentimita 80, yenye wavu mdogo wa kuzuia mende na panya. Hewa inaingia chini na kutoka juu, na ukuta wa zamani unaendelea kukauka nyuma ya mawe. Vishikizo vya chuma kisichoshika kutu vinauunganisha na matofali magumu mliyoyawekea alama ya chaki. Hapa kanuni ya mchwa inabaki ile ile: msingi huo mdogo uonekane juu ya ardhi, na karatasi ya kuzuia unyevu ikae juu yake. Njia hii inakula mawe mengi zaidi, lakini ukuta wa mzee haubebi hata kilo moja.

Kuhusu Tanga. Chumvi ni ndugu mmoja, tabia ni tofauti. Chumvi ya bahari huanza kuvuta maji hewani unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ya mchana iko chini sana ya hapo, kwa hiyo chumvi inakauka, inakuwa fuwele na kuvunja tofali. Tanga hewa hupita kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka, kwa hiyo chumvi iliyomo ukutani inakunywa unyevu na ukuta unabaki na majimaji hata pasipo na mvua. Kaka yako hataweza kuukausha kwa kuuacha wazi kiangazi kama nyinyi. Ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, uliishi miaka yote hiyo kwa kuwa chokaa iliacha unyevu uingie na kutoka. Ukiufunga kwa saruji na mawe, unyevu unabaki ndani, na cha kwanza kuoza ni ncha za boriti za mikoko zilizolala ukutani kubeba dari. Huko nje apige plasta ya chokaa na kupaka chokaa upya kila baada ya masika kadhaa, na ndani asipake rangi ya mafuta.

Kama nyumba ya babu ni ya bloku za saruji, akague kwanza lenta na nguzo. Ufa ulionyooka unaofuata nondo, wenye doa la kutu, unaonyesha nondo imevimba ndani, na hapo zege litengenezwe kwanza. Akija kubandika, atumie wavu wa nyuzi za kioo unaostahimili saruji, au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu zinki haidumu mbele ya upepo wa kusi unaobeba chumvi. Asitumie mchanga wa ufukweni hata kama uko mlangoni. Achague mawe laini usoni, maana mawe yenye makunyanzi yanashika ukungu wa kijani, na upande unaotazama bahari asipandishe mawe kupita madirisha.

Mkishaelewana na fundi, andikeni. Makubaliano yataje unene wa jiwe, uchanganyaji wa mota, nafasi ya chini, kofia ya juu, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo yake mtaitoa baada ya mvua za Aprili kupita na mawe kugongwa yote kwa nyundo ndogo mbele yenu wote. Jiwe lililoshika hutoa mlio mkavu. Litakalotoa mlio wa uwazi litolewe na kurudishwa siku hiyo hiyo.